Ngome Yenye Ukumbi wa Dhahabu: Nimeiona Stirling!

Macho hayana pazia. Treni kutoka Edinburgh ilikuwa haijasimama bado, manyunyu ya asubuhi yanateleza kiooni, nami nimeshainuka kitini nanyoosha kidole. Juu ya jabali jeusi, chini ya wingu zito, katikati ya majengo ya kijivu, lilisimama jengo moja la rangi ya dhahabu. Rangi ya embe bivu! Nikafuta kioo kwa mkono wa koti nikadhani jua limepenya mahali. Jua halikuwapo. Jengo lenyewe ndilo lililokuwa linang'aa.

"Mjomba, kaa kwanza, bado hatujafika," mpwa wangu akaniambia huku akinivuta koti. Yeye anasoma Glasgow, huu mwaka wa tatu, na ngome za Uskoti ameshazizoea. Mimi sikukaa.

Nilikuwa nimeshajichorea ngome ya Kiskoti kichwani: kuta zilizobomoka, ukungu, kunguru juu ya mnara, na ukiwa mwingi. Picha za kalenda zimetuzoesha hivyo. Kumbe picha zile zinaonyesha mifupa tu. Stirling imerudishiwa nyama na ngozi, imevikwa na nguo zake za sikukuu, na baada ya kuitembea kutwa nzima natamka bila kusita: sijapata kuona ukarabati wa jengo la kale uliofanywa kwa moyo mkubwa namna hii. Wafalme wale hawakuishi katika dunia ya kijivu. Waliishi katikati ya rangi, na hapa watu wamethubutu kuirudisha rangi ile hadharani, mbele ya macho ya wote.

Lakini ngoja nianze na jabali, maana bila jabali hakuna ngome. Ni mwamba uliozaliwa na moto wa ardhini yapata miaka milioni 350 iliyopita. Pande zake tatu ni magenge matupu. Upande mmoja tu ndio wenye mteremko, na juu yake umejengwa mji wa kale wa Stirling, kwa hiyo unaipanda ngome kupitia vichochoro vya mawe, mapaja yakiuma, pumzi ikikatika, na kila ukiinua kichwa ukuta umekuwa mrefu zaidi. Ukishafika kileleni geuka nyuma. Bonde lote liko miguuni pako, bapa kama mkeka, na mto Forth unajikunjakunja ndani yake kama nyoka aliyeshiba. Kwa karne nyingi daraja la Stirling ndilo lililokuwa la mwisho kabla mto haujapanuka kuelekea baharini, na pembeni yake ardhi ilikuwa ya kinamasi. Jeshi lililotaka kwenda kaskazini lilipita hapa au halikupita kabisa. Aliyeishika Stirling alikuwa ameishika Uskoti shingoni.

Ndiyo maana damu imemwagika sana ukiangalia kutoka ukutani hapo. Tarehe 11 Septemba 1297, William Wallace na Andrew Moray waliwasubiri Waingereza waanze kuvuka daraja jembamba la mbao, wakawaacha waingie wachache, kisha wakawakata katikati. Mnara wa kumbukumbu ya Wallace unaonekana ng'ambo ya mto, umechongoka juu ya kilima chake. Na kusini ya mji ndiko Bannockburn, mahali ambapo Robert the Bruce alilivunja jeshi la mfalme Edward wa Pili mwezi Juni 1314. Vita ile yenyewe ilitokana na ngome hii: kamanda aliyeishika kwa niaba ya Waingereza alikuwa amekubali kuisalimisha kama msaada haungefika kabla ya siku ya katikati ya kiangazi. Msaada ulikuja, ukapigwa. Bruce alipoipata ngome aliamuru kuta zake zibomolewe ili adui asije akazitumia tena. Fikiria! Jengo lenye thamani kiasi kwamba mwenyewe analivunja ili lisimponyoke.

Kati ya vita hizo mbili kuna kisa cha 1304 ambacho bado kinanizunguka kichwani. Edward wa Kwanza, baba mtu, aliizingira Stirling kwa miezi. Alivua risasi kutoka mapaa ya makanisa ili apate uzito wa kuendeshea mitambo yake ya kurushia mawe. Mtambo mmoja, mkubwa kuliko yote, mafundi walikuwa bado wanauunda pale waliokuwa ndani walipochoka na kutaka kusalimu amri. Edward akakataa! Akawataka wabaki ndani mpaka mtambo umalizike na yeye aone unavyofanya kazi. Mtambo huo uliitwa Mbwamwitu wa Vita. Ulimalizika, ukapiga, na baada ya hapo ndipo alipokubali watoke. Nilisimama pale ukutani nikiwaza juu ya wale watu waliokuwa wameshainua mikono, wakiwasikiliza maseremala chini wakigonga misumari.

Unachokiona leo kwa sehemu kubwa si cha zama hizo. Ni kazi ya wafalme wa ukoo wa Stewart, wale wanaoitwa James mmoja baada ya mwingine, katika karne ya 15 na ya 16. Na wengine walikuwa watu wa kutisha. James wa Pili, Februari 1452, alimwalika hapa bwana mkubwa William Douglas, aliyekuwa na nguvu karibu sawa na mfalme, akampa na hati ya usalama. Wakala, wakanywa. Kesho yake mfalme akamtaka avunje agano alilofunga na mabwana wengine. Douglas akakataa. Mfalme akachomoa kisu akamchoma, wapambe wakamalizia, na maiti ikatupwa dirishani. Bustani iliyo chini ya dirisha hilo inaitwa Bustani ya Douglas mpaka leo, na nyasi zake zimekatwa vizuri kabisa. Nilipoambiwa habari hiyo nilikuwa nimeketi humo natafuna biskuti. Nikaiweka chini.

Lango kuu ni la James wa Nne, alilolijenga miaka ya mwanzo ya 1500. Lilikuwa na minara mirefu ya mviringo, ambayo baadaye ilipunguzwa urefu, na hilo nalisikitikia kwelikweli kwa sababu hata katika ufupi wake bado linatisha. Pita chini yake, panda kidogo, kata kulia, halafu ujiandae.

Ukumbi Mkuu.

Mimi siku zote ni mwepesi wa kusifu, nakubali, lakini mpwa wangu si mtu wa kusifu, na yeye pia alinyamaza. Urefu wake ni mita 42, upana zaidi ya mita 14. Hakuna ukumbi wa zama zile katika Uskoti nzima unaoufikia. Ulikamilika kama mwaka 1503 kwa ajili ya mfalme aliyekuwa anamwoa binti wa mfalme wa Uingereza na aliyetaka dunia ijue yeye ni nani. Meko matano ya kuotea moto! Mwishoni kuna jukwaa la mfalme, na pande zake mbili madirisha mawili makubwa yaliyotokeza nje, marefu mpaka karibu na paa, ili mwanga umwangukie yeye na malkia wake huku wengine wote wakibaki kwenye nusu kivuli. Mtu aliyeketi pale hakuhitaji kujitambulisha. Jengo lilikuwa linamtambulisha.

Kisha inua kichwa. Paa! Mbao tupu za mwaloni, nzito, rangi ya asali. Kutoka kila ukuta mihimili mifupi imetokeza kama mikono iliyonyooshwa, juu yake zimesimama nguzo, juu ya nguzo matao, na juu ya matao mihimili mingine, ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, bila nguzo hata moja inayotua sakafuni. Uzito wote wa paa unapokezanwa mkono kwa mkono mpaka unafika ukutani na kushuka ardhini. Nililala chali kwenye benchi ili niufuate uzito ule kwa macho. Mlinzi mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, akaja kwangu. Nilidhani atanikataza. Akaniuliza kama nimeona viungo vya mbao vinavyokutana, akanionyesha kwa kidole chake kimoja baada ya kingine, na macho yake yalikuwa yanacheka kwa furaha.

Sasa, msomaji, shika hapa. Paa hilo si la James wa Nne. Ni la 1999.

Ilikuwaje? Baada ya James wa Sita kuirithi Uingereza mwaka 1603, wafalme walihamia London na Stirling ikabaki yatima. Jeshi likaingia. Kufikia mwisho wa karne ya 18 ukumbi ulishapasuliwa kwa sakafu na kuta za ndani, ukafanywa mabweni ya askari. Madirisha makubwa yakazibwa, mengine madogo yakatobolewa, na paa la mwaloni likashushwa. Askari waliishi humo vizazi kwa vizazi. Jeshi lilipohama mwaka 1964, ndipo wataalamu wakaanza kuuliza: chini ya kambi hii, ukumbi bado upo? Ulikuwapo. Walibandua, wakapima, wakachambua michoro ya vipimo iliyoachwa na wahandisi wa jeshi katika karne ya 18, wakatafuta kila tundu ukutani lililowahi kubeba mhimili. Ujenzi wa kurudisha ulianza 1991 ukamalizika 1999, na tarehe 30 Novemba mwaka huo, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa Uskoti, malkia Elizabeth wa Pili akaufungua.

Na ile rangi? Nje walipaka lipu ya chokaa, kisha chokaa yenye rangi ya udongo wa njano, kwa sababu mabaki ya rangi hiyo yalikutwa kwenye ukuta uliokuwa umefichwa na jengo jingine. Mtu wa Lamu au Unguja hana haja ya kufundishwa habari ya chokaa: unajua inavyopumua, unajua inavyolinda jiwe dhidi ya maji. Lakini wenyeji wengi wa Stirling, waliozaliwa na kukua wakiiona ngome ya kijivu, walishtuka. Wapo waliokasirika. Waliona mji wao umepakwa kitu cha aibu. Ninawaelewa, maana kile mtu alichokizoea utotoni hukiona ndicho cha asili. Ila wamekosea! Kijivu ndicho kilichokuwa cha kigeni, kovu la miaka ya kambi. Siku zile mtu aliyekuja kwa miguu kutoka maili nyingi aliiona dhahabu ile kabla hajauona mji, kama nilivyoiona mimi kutoka kwenye treni. Mfalme alikusudia hivyo.

Katika ukumbi huu kulifanyika karamu ambayo imenigusa kuliko jambo jingine lolote nililokutana nalo Stirling. Mwaka 1594 James wa Sita alimbatiza mwanawe wa kwanza, Henry. Wakati wa kula, iliingizwa ukumbini merikebu, ndiyo, merikebu nzima, urefu kama mita tano na nusu, mlingoti wake wa juu kama mita kumi na mbili kutoka sakafuni, yenye mizinga ya shaba iliyolipuka kwelikweli, na ndani yake wakatoa samaki wa kuwaandalia wageni. Kabla ya hapo kulikuwa na gari la matunda na vitamu lililopangwa kuvutwa na simba. Wakaogopa kwamba simba angewatia wageni hofu, au mienge ingemshtua akaleta madhara. Basi likavutwa na Mwafrika, aliyevaa mavazi ya fahari, akilivuta kwa minyororo ya dhahabu.

Taarifa ya sherehe ile ilichapishwa. Inataja chakula, inataja mapambo, inataja mabwana na mabibi. Yeye inamtaja kwa weusi wake tu. Alitoka wapi? Alifikaje katika baridi hii? Hakuwa peke yake katika historia ya nyumba hii, kwa kuwa daftari za malipo za James wa Nne, karibu miaka 90 kabla, zinamtaja mpiga ngoma Mwafrika aliyetumikia mfalme na kulipwa. Nilisimama katikati ya sakafu ile, nikakadiria njia ambayo gari lingepita kutoka mlangoni mpaka jukwaani, nikaitembea polepole. Hatua zangu zilisikika. Mpwa wangu alinifuata nyuma bila kusema kitu.

Tukatoka nje kupata hewa, na hapo ndipo nikakumbuka John Damian. Huyu alikuwa mwanaalkemia kutoka Italia, akila fedha za James wa Nne kwa ahadi ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Mwaka 1507, inasimuliwa, alijitengenezea mbawa za manyoya akatangaza kuwa ataruka kutoka ukuta wa Stirling mpaka Ufaransa. Akaruka. Akaanguka chini akavunjika paja. Utetezi wake ulikuwa kwamba mbawa zilichanganywa manyoya ya kuku, na kuku kwa asili yake hupenda jalala kuliko anga. Chungulia chini kutoka ukutani hapo, uone kimo chenyewe, kisha uniambie kama mtu huyo hakuwa na imani.

Kando ya ukumbi, ukivuka ua, liko kasri la James wa Tano. Kama ukumbi ni ngurumo, kasri ni wimbo. Mfalme huyu alioa Ufaransa mara mbili. Mke wa kwanza, Madeleine, alifariki 1537 muda mfupi baada ya kufika Uskoti. Wa pili, Marie wa ukoo wa Guise, alikuja 1538, na kwa ajili yake mfalme akajenga jumba ambalo lingemfanya asijione amehamia porini. Waashi wa Kifaransa walihusika. Kuta za nje zimejaa sanamu: miungu ya Kirumi, askari wanaochungulia kutoka ukingo wa paa, ibilisi mwenyewe, na mfalme James na ndevu zake. Upepo na mvua ya miaka karibu 500 vimezila sura zao, na hazikuchongwa upya. Nimelipenda sana hilo! Warejeshaji walijua mahali pa kujaza na mahali pa kuacha.

Mfalme huyuhuyu, wasimulizi wanasema, alikuwa na desturi ya kuvaa nguo za mkulima na kutoka kwa siri kwenda kusikiliza watu wake wanasema nini, kama Harun Rashid wa Alfu Lela Ulela alivyozunguka Baghdad usiku. Akiulizwa jina, alijitaja kwa njia inayopita chini ya ngome, Ballengeich. Njia bado ipo. Hakuishi kulifaidi jumba lake. Alifariki Desemba 1542 akiwa na miaka 30, na bintiye aliyemrithi, Mary, alikuwa na umri wa siku sita. Septemba iliyofuata mtoto huyo alitawazwa malkia hapahapa Stirling, hajatimiza hata mwaka.

Ndani ya kasri kuna vyumba sita, vitatu vya mfalme na vitatu vya malkia, kila upande ukianza na ukumbi wa nje, kisha wa ndani, kisha chumba cha kulala, na kadiri ulivyoruhusiwa kuingia ndani zaidi ndivyo ulivyojulikana kuwa mtu mkubwa. Vilifunguliwa 2011 baada ya kazi iliyogharimu pauni milioni 12. Ninaandika haraka sasa kwa sababu nataka kufika darini.

Vichwa vya Stirling! Dari ya ukumbi wa ndani wa mfalme imepambwa kwa vichwa vya mbao vya mviringo, kila kimoja upana wa karibu mita moja: wafalme, malkia, makaisari wa Kirumi, Herakle, mpaka mchekeshaji wa baraza. Mbao zake ni mialoni iliyokatwa Poland. Mistari ya umri ndani ya mbao ndiyo iliyotoa siri hiyo. Mwaka 1777 kichwa kimoja kilimwangukia askari, na vyote vikateremshwa vikatawanyika, kimoja huku, kimoja kule. Vingepotea kabisa kama si Jane Graham, mke wa naibu gavana wa ngome, aliyevichora kimoja kimoja. Michoro hiyo ikachapishwa 1817. Heshima yake mama huyo! Leo vya asili vingi viko ghorofa ya juu, unavitazama uso kwa uso, na darini viko vipya 37 vilivyochongwa kwa mkono kwa miaka mitano, vikapakwa nyekundu, buluu, kijani na dhahabu. Kimoja cha asili kina alama ukingoni, sifuri na vijiti, vijiti na sifuri, ambazo watafiti wanazisoma kuwa ni muziki wa kinubi. Mti unaoimba! Mtu aliketi na patasi akaandika sauti juu ya ubao, na sauti ile ikasubiri zaidi ya miaka 400 mpaka apatikane wa kuiuliza.

Upande wa malkia ndiko kwenye mazulia ya ukutani. Orodha ya mali ya mfalme ya 1539 inataja seti ya mazulia yenye kisa cha farasi wa pembe moja, mnyama ambaye ndiye nembo ya Uskoti. Mazulia yenyewe hayapo tena. Lakini katika jumba la makumbusho la Cloisters, New York, ipo seti ya zama hizo yenye kisa hichohicho cha kumwinda, na hiyo ndiyo iliyochukuliwa kuwa kielelezo. Wafumaji wa West Dean, chuo cha sanaa kusini mwa Uingereza, walianza 2001 na kumaliza 2014. Miaka kumi na mitatu kwa mazulia saba! Baadhi yalifumwa hapahapa ngomeni, wageni wakitazama. Lile ambalo New York limebaki vipande tu, wafumaji walilazimika kulibunia sehemu iliyopotea, na nililikazia macho nikitafuta mahali pa kale panapokutana na mapya. Sikupaona.

Karibu sana na zulia utaona nyuzi zilivyopangwa: ukoka, maua madogo, manyoya ya mbwa, jasho la farasi. Rudi nyuma hatua tano na msitu mzima unafunguka. Bibi mmoja aliyevaa kama mtumishi wa malkia, kichwani kitambaa cheupe, aliniona nimeganda akaniambia kwa heshima kwamba malkia atachelewa kidogo. Nikajibu kwamba nitamsubiri.

Nakuja kwenye jambo la mpwa wangu. Yeye alikuwa amengoja kutwa nzima kuniambia, na aliponiambia aliinua sauti mpaka watu wakageuka. Katika chumba cha malkia, nyuma ya mbao za ukuta, mwaka 1981 mafundi walikuta mpira. Mpira wa miguu! Kibofu cha nguruwe kilichovikwa ngozi na kushonwa, wa miaka ya 1540, na ndio mpira wa miguu wa kale kuliko yote inayojulikana duniani. Siku hizi umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smith, chini mjini, mwendo wa dakika chache. Tuliteremka kuuona. Ni mdogo, unaenea viganja viwili, na mishono yake imekaza bado. Nani aliupiga ukapanda juu ukakwama? Mpwa wangu, beki wa kushoto wa timu ya chuo, aliukodolea macho kwa dakika kumi bila kupepesa.

Kanisa la kifalme, lililojengwa kwa haraka ya miezi saba ili lije kuwahi ubatizo ule wa 1594, limenigusa kidogo kuliko nilivyotegemea. Mlango wake ni mzuri, umeigwa matao ya ushindi ya Kirumi, na michoro ya Valentine Jenkin ya 1628 inayozunguka juu ya kuta ni ya ustadi, hasa dirisha la uongo alilolichora ukutani likakaa kama la kweli. Lakini ukitoka kwenye kasri, chumba hiki kinaonekana kitupu. Kingehitaji viti, mishumaa, na sauti za waimbaji. Jikoni, chini ya ngome, ni kinyume chake: sanamu za wapishi, wanyama waliochunwa, mikate, kelele za sufuria, watoto wa shule wakicheka kwa woga kila kona.

Malalamiko mengine? Kufikia saa sita mchana makundi ya watalii yanajaa vyumba vya kasri na huwezi kuzitazama dari kwa utulivu. Ziara ya kuongozwa ni fupi mno kwa yaliyomo. Na upepo wa ukutani unapenya koti, sweta, na mifupa.

Hayo hayanipunguzii kitu. Nimewahi kutembelea majumba ya kale yaliyokarabatiwa kwa saruji na rangi ya mafuta, mahali ambapo ofisi fulani ilitumia fedha nyingi kuua kile ilichotaka kuokoa, nikatoka na uchungu. Hapa nimeona njia nyingine: kusoma kwanza, kupima, kuuliza ukuta, kumtafuta fundi wa kuchonga, wa kufuma, wa kuchanganya chokaa, kumpa miaka yake, na mwishowe kuwa na ujasiri wa kumaliza kazi badala ya kuiacha nusu kwa kuogopa kukosolewa. Stirling ndiyo ngome bora kuliko zote nilizoziona Uskoti, Edinburgh ikiwemo, na sisemi hivyo kwa sababu ya uchovu wa safari.

Ukipata nafasi ya kufika nchi hiyo, panda treni ya asubuhi. Kutoka Edinburgh ni chini ya saa moja. Fika mlango unapofunguliwa, saa tatu na nusu. Nenda kwanza kwenye kasri kabla watu hawajajaa, vichwa ghorofani baadaye, na ukumbi uuweke mwisho. Kaa kwenye treni upande wa kushoto au wa kulia, popote, ila usisinzie karibu na kufika, maana ile dhahabu inaanza kuonekana ukiwa bado mbali.